Simfoni ya Tisa ya Mahler: rekodi tano, na ile niliyobaki nayo

Nimezisikiliza rekodi tano za Simfoni ya Tisa, kazi ndefu ya okestra ya mtunzi Gustav Mahler, usiku, kwa hedifoni, nyumba ikiwa imelala. Nianze na tahadhari, maana nusura nikose utamu wote. Mara ya kwanza nilitumia programu ya muziki kwenye simu. Simfoni hii inaishia kwa ala za nyuzi peke yake, sauti ikififia hadi hujui kama bado wanapiga. Mahler ameandika pale neno la Kijerumani "ersterbend", yaani ikikata roho. Kabla haijakata roho vizuri, programu ikanirushia wimbo mwingine wa kelele. Nilivua hedifoni nikakaa tu gizani. Zima kabisa ule mpangilio wa kuendeleza nyimbo.

Ukurasa huo wa mwisho ndio ninaoupimia rekodi. Mahler alifariki tarehe 18 Mei 1911 bila kuisikia kazi hii ikipigwa. Bruno Walter ndiye aliyeiongoza kwa mara ya kwanza, Vienna, Juni 1912. Karibu na mwisho, fidla za kwanza zinanong'ona kipande cha wimbo wa Mahler mwenyewe wa vifo vya watoto, wimbo alioutunga kabla binti yake Maria hajafariki mwaka 1907. Okestra ikipita pale kama inamalizia kazi, kwangu imeshindwa, hata kama yote yaliyotangulia yalinyooka.

Niliyobaki nayo ni ya John Barbirolli akiongoza okestra ya Berlin Philharmonic, iliyorekodiwa Januari 1964 katika kanisa la Jesus-Christus-Kirche, Berlin. Barbirolli alianza maisha yake kama mpiga selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, na mimi nakisikia hicho. Nimeimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa kwa miaka mingi. Najua tofauti ya watu wanaohesabu mapigo na watu wanaovuta pumzi pamoja. Katika Adagio, ile sehemu ya mwisho ya polepole, nyuzi za Berlin zinavuta pumzi pamoja. Selo zinaingia kama mtu anayetaka kusema jambo akalimeza kwanza. Sauti yenyewe ina joto, na ukimya wa lile kanisa unasikika nyuma yake. Nimeirudia Adagio hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado kuna mahali macho hunilenga machozi.

Ina upungufu. Sehemu ya tatu, Rondo-Burleske, inatakiwa iume; kwa Barbirolli ni nzito kidogo, haitishi. Hapo Herbert von Karajan anamshinda kwa mbali. Karajan aliirekodi jukwaani mwaka 1982 na okestra hiyohiyo, na sijasikia wapigaji wakiwa pamoja kiasi kile: kila kitu kinang'aa, hadi kwenye sauti ndogo kabisa. Lakini mng'ao huo ndio unaoniweka mbali. Naustaajabia uzuri, halafu nakumbuka kwamba kuna mtu anaaga.

Leonard Bernstein aliongoza Berlin Philharmonic katika kazi hii Oktoba 1979, na rekodi ikatoka mwaka 1992, yeye akiwa ameshafariki. Inachoma kama moto wa nyika. Kwenye kilele cha Adagio tromboni hazisikiki, mahali zilipotakiwa kubeba uzito wote. Wengine wanasema wamezoea. Mimi kila nikifika pale nasubiri, na pengo linaniuma.

Ya Walter ya tarehe 16 Januari 1938, Vienna, siihukumu kwa kipimo hiki. Ni rekodi ya zamani, ina mikwaruzo na vikohozi vya ukumbini, na Adagio inakwenda mbio, dakika kama 18. Kwenye kiti cha mbele cha fidla yuko Arnold Rosé, shemeji yake Mahler. Hazikupita miezi miwili, Wanazi wakaitwaa Austria. Rosé, Myahudi, akaishia uhamishoni London. Wanapiga kama watu wenye haraka ya kusema. Usianze nayo, lakini usife bila kuisikia.

Ya tano ni video: Claudio Abbado, Lucerne, 2010. Baada ya noti ya mwisho mikono yake haishuki upesi, na ukumbi mzima unakaa kimya kwa muda mrefu sana, hakuna anayethubutu kupiga makofi. Nimeitazama mara moja tu.

Ukitaka kununua, ya Barbirolli inaenea kwenye CD moja, kwa hiyo hubadilishi diski katikati. Panga sauti kwa kile kilele cha sehemu ya kwanza, kisha usiiguse tena, hata mwishoni utakapohisi imepotea.