Marisau yasiyo na sumu kwa geji 16, 28 na .410: yapi yanunuliwe kwanza

Kiswahili kimetuwekea mtego hapa. Risasi ni kile kinachotoka mtutuni, na risasi ni madini yenyewe, kwa hiyo ukimwambia muuzaji unataka risasi zisizo na risasi usishangae akikutazama mara mbili. Tusije tukachanganyana: hapa chini risasi ni madini, marisau ni zile punje zinazomfuata ndege, na katriji ni kitu kizima unachokisukumia chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa.

Mwenye shotgani ya geji 12 hana haja sana na mwongozo huu, maana rafu nzima ni yake. Mwenye geji 16, 28 au .410 huoneshwa maboksi mawili matatu ya pembeni, akapewa na bei ya kumfanya ayarudishe. Swali lake si madini gani ni bora kuliko yote. Anachotaka kujua ni yapi kati ya hayo machache yatakubaliana na mtutu wake bila kumwacha ndege na majeraha akafie vichakani. Kwa anayetaka jibu kabla ya sababu, mimi naweka bismuthi kwanza, tangsteni nzito ya pili, chuma cha tatu. Zinki siiweki popote.

Sheria ndiyo imewaleta wengi kwenye jambo hili. Bata na ndege wengine humeza vijiwe vya kusagia chakula kwenye firigisi, na punje ya risasi iliyolala kwenye tope kwao ni kijiwe tu. Firigisi huisaga, tumbo huiyeyusha, sumu ikaingia kwenye damu. Marekani ilikataza risasi kwa uwindaji wa bata na bata bukini nchi nzima mwaka 1991. Denmark ilifunga mlango kwa marisau yote ya risasi mwaka 1996. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 15 Februari 2023, hauruhusu kufyatua wala kubeba marisau ya risasi kwenye maeneo oevu na ndani ya mita 100 kutoka hapo. Angalia neno kubeba, tutalirudia.

Kabla ya madini, pima chemba

Geji ni hesabu ya kale: idadi ya mipira ya risasi yenye upana wa mtutu inayotimiza ratili moja. Mipira 16 kwa ratili ni geji 16, yenye mtutu wa milimita 16.8 hivi. Geji 28 ni milimita 14. Ile .410 haimo kwenye hesabu hiyo. Ni upana wenyewe kwa inchi, sawa na milimita 10.4.

Hatari ya geji 16 ni urefu. Bunduki nyingi za zamani za geji hiyo zilichongwa chemba ya milimita 65, na katriji za leo ni za milimita 70. Urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafyatuliwa na mdomo wake kufunguka. Likiwa bado limekunjwa ni fupi, kwa hiyo linaingia kwenye chemba fupi bila ubishi wowote, na mkono wako haukwambii kitu. Ukifyatua, mdomo unafungukia mahali mtutu unapoanza kuwa mwembamba, njia inabanwa, na shinikizo linapanda. Mimi niliwahi kuuziwa boksi namna hiyo kwa maneno "kumi na sita ni kumi na sita tu, mzee." Si kweli. Bunduki ya babu ipelekwe kwanza kwa fundi bunduki, apime chemba na unene wa mtutu, ndipo uzungumze habari ya madini. .410 nayo ina chemba za inchi 2, 2½ na 3, na hizi huchanganywa kila siku.

Hesabu moja inayotosha

Punje nzito na nyembamba hupenya hewa na nyama vizuri kuliko punje nyepesi na pana. Ukitaka kulinganisha madini mawili bila mizani, zidisha uzito wa madini (gramu kwa sentimita moja ya ujazo) kwa kipenyo cha punje kwa milimita. Namba zikikaribiana, upenyaji nao unakaribiana kama kasi ni ileile.

Risasi ina uzito wa 11 na kidogo, kwa hiyo punje ya milimita 2.8, inayotumiwa sana kwa ndege wa kati, inatoa 31. Bismuthi iliyochanganywa na bati ni 9.6 hivi, ili ufike 31 unahitaji milimita 3.2. Chuma ni 7.85, hapo unahitaji karibu milimita 4. Tangsteni nzito ni 18, na kwake milimita 1.7 tu zingetosha.

Sasa rudi kwenye ganda dogo uone tatizo lilivyo. Nafasi inayobeba gramu 28 za risasi inabeba gramu 20 hivi za chuma, tena punje zenyewe lazima ziwe kubwa, yaani chache. Geji 12 inastahimili hasara hiyo kwa sababu ina nafasi ya ziada. Geji 28, ambayo kawaida hubeba gramu 21 za risasi, haina pa kukatwa.

Bismuthi, kwa wengi

Naiweka juu kwa sababu moja kubwa: ni laini karibu kama risasi, kwa hiyo haikwaruzi mtutu wa zamani wala haitanui choki, yaani ule mbano wa mdomoni. Bunduki iliyokuwa ikila risasi, ikiwa nzima na urefu wa katriji ukiwa sahihi, itakula bismuthi bila kubadilisha chochote. Chagua punje kubwa kwa namba moja kuliko uliyozoea kwenye risasi. Gramu 28 za milimita 3 kwenye geji 16 zinakupa punje kama 200. Kwa bata, kwale na njiwa walio ndani ya mita 35, sioni cha kulalamikia.

Kasoro yake ni ukavu. Bismuthi ikiwa peke yake huvunjika kama sukari guru, ndiyo maana huongezewa bati, na hata hivyo punje chache hupasuka wakati wa kufyatuliwa. Katriji za mwanzo zilikuwa na sifa mbaya kwa hilo, na wawindaji wa zamani bado wanazisema. Za siku hizi ni afadhali sana. Bei yake ni mara kadhaa ya chuma. Lakini mtu mwenye geji 16 hafyatui maboksi kumi kwa siku moja.

Tangsteni nzito, kwa ganda dogo kabisa

Hii ndiyo iliyoifanya .410 iheshimiwe. Kwa kuwa uzito ni 18, punje ya milimita 2 (namba 9 ya Kimarekani) inapenya kama punje ya risasi ya milimita 3.3. Weka gramu 23 kwenye katriji ya inchi 3 ya .410 na una punje karibu 290, kila moja ikiwa na nguvu ambayo zamani ilihitaji punje kubwa na chache. Wawindaji wa bata mzinga mwitu huko Marekani waliipokea kwa mikono miwili.

Mbona basi si ya kwanza? Kwanza, ni ngumu kuliko chuma cha mtutu. Bila kikombe kinene cha plastiki kinachozifunika punje zote ingeutafuna mtutu kwa ndani, kwa hiyo isiguse bunduki ya zamani, wala usitoe kikombe cha katriji nyingine ukakitumia hapa. Pili ni bei: hizi huuzwa katriji tano kwa boksi, na utaelewa kwa nini. Tatu, kwa njiwa ni anasa isiyo na maana. Mwenye geji 28 au .410 ya kisasa anayewinda ndege mkubwa, kwake naipandisha juu ya bismuthi. Wengine wabaki pale juu.

Ipo pia tangsteni ya unga iliyoshikanishwa na plastiki, yenye uzito wa karibu na risasi na ulaini wa kufaa mitutu ya kale. Kwa mwenye bunduki ya urithi ni nzuri kuliko yote niliyoyataja. Shida ni kuipata. Ukiiona ya geji yako na urefu wako, usiende nyumbani kufikiria.

Chuma, kwa anayejua mipaka yake

Chuma ni rahisi kununua, na kwa geji 16 ya kisasa chenye gramu 26 hivi za milimita 3.3 kinafanya kazi kwa bata wanaotua karibu, mita 25 hadi 30. Hakibonyei, kwa hiyo punje huenda zikiwa zimeshikamana kuliko za risasi. Tumia choki isiyozidi nusu. Ukibana zaidi unahatarisha mdomo wa mtutu na hupati faida. Mitutu iliyopimwa kwa katriji za chuma zenye nguvu kubwa kwa taratibu za Ulaya huwa na alama ya ua la yungiyungi. Isipokuwepo, baki na zile za kawaida. Mitutu ya chuma cha kusokotwa ya karne ya 19 isahau kabisa. Na weka boksi mahali pakavu, maana punje zikishika kutu huganda zikatoka kama donge.

Kwenye geji 28 chuma ni cha umbali wa mita 25 na mkono uliotulia. Kwenye .410 sikinunui.

Zinki ni nyepesi kuliko chuma, tena yenyewe ni sumu kwa ndege. Haimo kwenye orodha ya marisau yanayokubaliwa Marekani. Na boksi lenye maandishi ya shaba au nikeli lisikudanganye: mara nyingi ndani ni risasi iliyopakwa rangi ya heshima, na firigisi inaimenya.

Ukifika dukani

Usinunue kwa namba ya punje, nunua kwa milimita. Namba 6 ya Kimarekani ni milimita 2.8, ya Kiingereza ni 2.6, na boksi la kutoka nje haliulizi wewe umezoea ipi. Anza na boksi moja, si kreti. Tundika karatasi pana kwa umbali unaowinda kweli, chora duara la sentimita 75, fyatua mara tatu kwenye karatasi tofauti, kisha tafuta matundu makubwa yasiyo na punje ambayo ndege angepita. Nimewahi kuona geji 16 iliyobana chuma kama ngumi na kuisambaza bismuthi kama mtama, na bunduki ya jirani yake ikafanya kinyume.

Kama nyumbani mna geji zaidi ya moja, kila moja iwe na mkoba wake. Katriji ndogo ikidondokea kwenye mtutu mkubwa hukwama mbele ya chemba, mwenye haraka akaweka nyingine nyuma yake, na mtutu ukapasuka usoni.

Na lile neno kubeba: kagua mifuko ya koti la kuwindia, pamoja na ule wa ndani ulioshonwa vibaya, kabla hujaenda ziwani. Katriji moja ya risasi iliyosahauliwa tangu msimu uliopita inatosha kukuweka upande mbaya wa askari wanyamapori, hata kama mkononi umeshika bismuthi.