Google Search Console: uzoefu wangu na tovuti ya mapishi

Ukiwa na tovuti hapa Nairobi, hukosi kupigiwa simu na mtu anayeuza "nafasi ya kwanza Google" kwa malipo ya kila mwezi kupitia M-Pesa. Mimi huwasikiliza kwa adabu, nikakata simu. Google wenyewe wameandika katika maelekezo yao kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi hiyo. Wageni wa tovuti yangu ya mapishi nimewapata zaidi kwa msaada wa Search Console, zana ya bure ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyotokea watu wakitafuta.

Kuianza si kazi kubwa. Unathibitisha kwamba tovuti ni yako, ama kwa kuweka rekodi ya TXT (mstari mfupi wa maandishi unaopewa na Google) kule ulikonunua jina la tovuti, ama kwa kubandika msimbo mfupi kwenye ukurasa. Kisha unawasilisha ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa, ili Google ijue kurasa zako ziko wapi.

Utamu wenyewe uko kwenye ripoti ya utendaji. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika Google, kurasa zako zilionekana mara ngapi, zilibofywa mara ngapi, na zilishika nafasi ya ngapi kwa wastani. Wengi hukodolea macho mstari wa mibofyo: ukipanda wanacheka, ukishuka wananuna. Mimi naupita tu. Ninachosaka ni maswali yanayonionyesha mara nyingi lakini hayaniletei mtu, hasa yale ambayo niko kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Huko Google imeshanihesabu miongoni mwa wanaojua, ila ukurasa wenyewe haumjibu aliyeuliza.

Chukua ukurasa wa pilau. Niliuandika kwa chakula cha jioni cha nyumbani. Kumbe walioukaribia walikuwa watu wa harusi, ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) na matanga: mchele kilo ngapi kwa watu 50, nyama kiasi gani kwa watu 100, sufuria ya ukubwa gani. Anayeijua Nairobi hatashangaa. Kamati inakaa katikati ya wiki, shughuli ni Jumamosi, na aliyeangukiwa na kazi ya chakula anatafuta hesabu kwenye simu akiwa ndani ya matatu. Nikaongeza sehemu ya vipimo, kilo moja ya mchele kwa watu 8 hadi 10, maana yake kilo 5 au 6 kwa watu 50, na kichwa cha ukurasa nacho kikataja idadi ya watu. Sasa wanaokuja kwa hesabu ni wengi kuliko wanaokuja kwa pilau yenyewe.

Nafasi ya wastani isikudanganye. Ukurasa unaoonyesha nafasi ya 9 unaweza kuwa wa 3 Kenya na wa 25 Uingereza. Chuja kwa nchi kwanza, ndipo uamue kama kuna la kurekebisha. Tanzania naitazama peke yake, kwa sababu maswali yao na yetu hayafanani hata kwa chakula kilekile.

Data inahifadhiwa miezi 16, kwa hiyo unaweza kulinganisha mwaka huu na uliopita. Kwa mapishi hapa pana mtego. Mahamri, kaimati na mbaazi za nazi hutafutwa sana Ramadhani, na Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida: 2024 ilianza karibu na tarehe 11 Machi, 2025 karibu na tarehe 1 Machi. Ukilinganisha Machi na Machi ya miaka hiyo utadhani umeongeza wasomaji, kumbe mfungo ndio uliosogea. Weka tarehe zako mwenyewe, mfungo kwa mfungo.

Kasoro zipo. Takwimu kamili za ripoti ya utendaji huchelewa siku mbili tatu. Jedwali linaishia mistari 1,000. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno hufichwa kwa ajili ya faragha, na kwa tovuti ndogo hayo ni mengi, hivyo ukijumlisha mibofyo ya maneno unayoyaona hutaifikia jumla iliyo juu. Yale majibu ya akili mnemba yanayotokea juu ya matokeo nayo huingizwa katika hesabu ileile, kwa hiyo huwezi kujua yamekunyang'anya wageni wangapi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kitufe cha kuomba ukurasa mpya uingizwe kwenye orodha ya Google kinafaa, lakini ni ombi, si amri. Kukibonyeza tena na tena hakuharakishi kitu. Ripoti ya kasi inataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ila kama wageni wako ni wachache utaikuta tupu. Punguza uzito wa picha tu, wasomaji wako wanalipia bando.

Naipa nyota nne kati ya tano. Mwenye kibanda au duka asiye na tovuti haimhusu. Huyo aanze na Google Business Profile, ambayo pia ni ya bure, ili mtu wa Umoja au Kawangware akitafuta apate duka kwenye ramani, saa za kufungua na namba ya simu.