Uzoefu wangu: miezi mitatu ya kozi ya GMAT na maswali ya faida na asilimia

Nimemaliza miezi 3 ya kozi ya mtandaoni ya kujiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya biashara. Nitaizungumzia sehemu yake moja tu, ile ya maswali ya utoshelevu wa data yanayohusu faida na asilimia, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nilipie, na ndiyo iliyonisaidia na kunikera zaidi.

Kwa asiyeyafahamu, maswali haya hayamtaki mtahiniwa atafute jibu lenyewe. Anapewa swali na taarifa mbili, kisha anaamua kama taarifa ya kwanza peke yake inatosha kulijibu, au ya pili peke yake, au mpaka ziunganishwe, au kila moja inajitosheleza, au hata zikiunganishwa bado hazitoshi. Machaguo hayo 5 hayabadiliki. Tangu toleo jipya la mtihani lilipoanza mwishoni mwa mwaka 2023, maswali haya yako katika sehemu iitwayo Data Insights, yenye maswali 20 kwa dakika 45, na kikokotoo cha kwenye skrini kinaruhusiwa. Mimi ni mhasibu, na mazoea ya kazi ndiyo yaliyoniponza, kwani nikiona bei mkono unakimbilia kukokotoa hata pale ambapo hakuna aliyeniomba jumla.

Somo lililonifungua macho lilikuwa na swali ambalo nililiandika upya kwa shilingi daftarini ili nilielewe vizuri. Mfanyabiashara aliuza doti ya kitenge kwa faida. Je, faida hiyo ni asilimia ngapi ya bei ya kununulia? Taarifa ya kwanza inasema faida ilikuwa shilingi 6,000. Ya pili inasema faida ilikuwa asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Nilizichukua zote mbili, nikapata bei ya kuuzia shilingi 30,000 na ya kununulia 24,000, nikajibu asilimia 25 na kuchagua kwamba zinahitajika kwa pamoja. Nilikosa. Mwalimu aliifuta ile 6,000 ubaoni na kuonyesha kwamba bei ya kuuzia ikiwa 100, faida ni 20 na bei ya kununulia ni 80, na 20 kwa 80 ni asilimia 25, iwe mtu ameuza kitenge au gari. Taarifa ya pili ilitosha peke yake. Kinachotafutwa ni uwiano wa bei mbili, na kiasi cha fedha kilichotajwa kilikuwa mtego tu.

Baada ya hapo kozi inamgeuzia mwanafunzi upande wa pili, na hapo ndipo naisifu kwa dhati, maana aliyekwisha kuamini kwamba asilimia zinatosha daima huanguka. Tuseme mauzo yameongezeka kwa asilimia 20 na gharama kwa asilimia 10. Faida imeongezeka kwa asilimia ngapi? Mauzo ya awali yakiwa 100 na gharama 80, faida inapanda kutoka 20 hadi 32, yaani asilimia 60. Lakini gharama ikiwa 50, inapanda kutoka 50 hadi 65, yaani asilimia 30 tu. Asilimia hizo mbili zina misingi tofauti, na bila kujua uhusiano wa misingi hiyo hakuna jibu moja. Ukiambiwa kwamba faida ya awali ilikuwa asilimia 25 ya gharama, swali limekwisha.

Kero yangu ni majibu. Katika swali moja la mazoezi, bei ya kutangaza ilikuwa asilimia 40 juu ya bei ya kununulia, kisha mteja akapewa punguzo la asilimia 25. Jibu lililowekwa lilisema taarifa hazitoshi kwa sababu hakuna bei iliyotajwa kwa fedha, wakati 1.4 mara 0.75 ni 1.05, na faida ni asilimia 5 bila kujali bei. Kosa hilo linapingana na kile kile kilichofundishwa somo moja nyuma. Niliwaandikia, na ilichukua wiki 2 kurekebishwa. Katika siku hizo nilirudia masomo niliyokuwa nimeyaelewa, nikidhani tatizo ni langu. Mwanafunzi anayesoma peke yake usiku baada ya kazi hana wa kumuuliza, kwa hiyo jibu lisilo sahihi linamuumiza kuliko kukosekana kwa jibu.

Video nazo ni ndefu kupita kiasi. Baadhi zinakokotoa hadi tarakimu ya mwisho, jambo ambalo mwalimu huyo huyo anatukataza.

Hata hivyo ningemshauri aliyeacha hesabu tangu kidato cha nne ailipie, ila kwa mwezi mmoja kwanza, kwa sababu masomo ya faida na asilimia ni 6 tu na yote yanafunguka siku ile ile ya malipo.