TAHADHARI: Fundi wa pikipiki kubwa Arusha anayekuonyesha oili aliyoimwaga mwenyewe

Wakuu, salaam. Nimeingizwa mjini nikiwa mjini kwetu. Naandika ili anayefuata asilipe ada niliyolipa mimi: shilingi 710,000, karibu wiki 2 bila pikipiki, na klachi iliyoponea chupuchupu.

Simtaji jina. Kwanza, jina alilonipa sidhani kama ndilo aliloitwa na mama yake. Pili, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, na sina hamu ya kuanza kama mlalamikaji nikamalizia kama mshtakiwa. Hana gereji yenye bango. Leo yuko Unga Limited kwenye kiwanja cha rafiki yake, kesho Mianzini, keshokutwa anakufuata nyumbani. Mtambueni kwa mchezo wake.

Pikipiki yangu ni ya safari, silinda 2, ya mwaka 2021, ina kilomita 19,000 tu. Kazi inanipeleka Babati mara kwa mara, na kile kipande cha kutoka Makuyuni kupita Minjingu ndiyo starehe yangu pekee isiyohitaji bia. Niliporudi safari moja mwezi wa 6, asubuhi nikakuta matone 3 ya oili kwenye vigae, upande wa kushoto, chini ya sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Nikapiga picha injini pande zote mbili. Hizo picha nitazirudia.

Jirani akanipa namba ya "mtaalamu wa pikipiki kubwa". Akaja na ovaroli safi kuliko shati langu la kanisani, na kikompyuta cha mkononi. Akachomeka waya chini ya kiti, akakunja uso, akasema: "Bosi, mashine inasoma liki ya krankesi." Yaani lile ganda la chini la injini linavuja oili.

Hapo ndipo nilipaswa kumfungulia geti atoke. Kile kikompyuta husoma makosa yanayoripotiwa na sensa: joto la injini, hewa, mafuta, umeme. Hakuna sensa ya kuhisi oili inayochuruzika nje ya injini. Kuna swichi ya presha ya oili, nayo kazi yake ni kuwasha taa nyekundu presha ikishuka mno, na taa yangu haikuwahi kuwaka. Lakini mtu mwenye ovaroli safi akikutajia krankesi, akili inakaa pembeni kidogo.

Akaomba kitabu cha pikipiki. Nikaingia ndani kukitafuta, sikumaliza dakika 3. Niliporudi, kifuniko cha klachi upande wa kulia kilikuwa kinang'aa kwa oili mbichi. "Umeona, bosi? Inatokea huku, inazunguka kwa chini, inadondokea kule kushoto." Maelezo yaliniingia vizuri kabisa, kwa sababu pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni inalalia kushoto, na oili lazima ifuate mteremko. Ukweli uliochanganywa na kiini macho ndio unaotuua.

Bei: sili na gasketi (vizuizi vya oili isivuje kwenye maungio) "za Japani kabisa" 420,000, ufundi 150,000, oili lita 4 kwa 140,000. Nikatuma kwenye simu. Siku 3 zikawa 11. Pikipiki ikarudi imeoshwa, na pembezoni mwa kile kifuniko kuna mstari wa silikoni ya kijivu. Nikamuuliza spea za zamani ziko wapi. "Nimetupa, bosi, zilikuwa uchafu." Risiti? Kipande cha karatasi ya daftari.

Jumapili iliyofuata nikaenda Moshi msibani. Maeneo ya Kikatiti nataka kulipita lori, nafungua mafuta, injini inalia juu lakini pikipiki haisogei. Klachi inateleza. Nilipofika Boma Ng'ombe nikasimama kuangalia: kushoto, chini ya sproketi, kumelowa kuliko mwanzo, na tairi la nyuma lina vidoa pembeni. Kwa wasioendesha: oili kwenye tairi la nyuma ni jambo la kusimama papo hapo, kona moja tu inatosha kukulaza. Nikafuta, nikatambaa hadi Moshi kwa mwendo wa baiskeli.

Shemeji yangu akanipeleka kwa meku mmoja (mzee, kwa Kichaga), fundi wa siku nyingi, kibanda chake hakina hata sakafu ya saruji. Nikamwamkia, akaitikia, akazunguka pikipiki mara moja bila kugusa kitu, kisha akauliza swali moja tu: "Oili mlipimia imesimama vipi?"

Sikumwelewa. Akamwita kijana wake ainyanyue pikipiki isimame wima. Kile kioo cha kuonea oili kiko upande wa kulia wa injini. Ikilala kwenye stendi ya pembeni, oili yote inakimbilia kushoto na kioo kinaonyesha imepungua. Ikisimama wima, kioo changu kilijaa hadi juu, mstari wa oili hauonekani kabisa. Akafungua nati ya chini akapunguza kidogo kidogo, akipima kila mara, na kilichotoka kikajaa chupa ya soda na zaidi, kama mililita 700.

Na hapa nikubali kosa langu. Kabla ya ile safari ya Babati, kijana wa bodaboda jirani na kwangu ndiye alinibadilishia oili. Kitabu kinasema lita 3.3 pamoja na filta. Mimi nilinunua galoni la lita 4, naye akalimimina lote, maana kioo kilimwambia bado. Oili ikizidi, mashine inaichapa mpaka inakuwa povu na mvuke, inapanda kwenye mpira wa kupumulia, inaingia kwenye nyumba ya ea klina, chujio la hewa. Pale chini kuna kampira kembamba ka kutolea uchafu. Kwenye pikipiki yangu kampira hako kanaishia wapi? Kushoto, nyuma kidogo ya sproketi ya mbele. Meku alipofungua ea klina, ndani kulikuwa na dimbwi.

Hapakuwa na sili iliyokufa wala krankesi iliyoachia. Yule mtaalamu naye alimwaga oili, akarudishia lita 4 vilevile kwa kuwa nilizilipia 4, na tatizo likaanza upya.

Kisha meku akanionyesha kifuniko cha klachi. Bolti za kiwandani kwenye pikipiki yangu zina alama ndogo ya rangi, mstari unaopita kichwa cha bolti na kifuniko. Alama zote zilikuwa zimenyooka kama siku ya kwanza. Hakuna bolti hata moja iliyozungushwa. Ile silikoni ilipakwa kwa nje, kama mtoto anavyopaka siagi kwenye kisu. "Huyu hajafungua kitu," akasema, "na shukuru hakufungua." Silikoni nyingi ikiwekwa ndani ya kifuniko, inayobanwa huingia kwenye injini, ikikatika inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Ukisikia hapo injini imekata moto, ndiyo basi.

Usiku ule nikafungua zile picha za asubuhi ya kwanza. Upande wa kulia, kifuniko cha klachi: kikavu, kina vumbi la Minjingu bado. Oili niliyoonyeshwa ilitoka kwenye chupa yake wakati natafuta kitabu.

Klachi nayo ilikuwa na hadithi yake. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii sahani za klachi zinaogelea kwenye oili ileile ya injini na gia. Ndiyo maana oili yake lazima iwe na alama ya JASO MA au MA2 (kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki), kijisanduku kidogo nyuma ya chupa. Oili nyingi nyepesi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, vizuri kwa gari, vibaya kwa klachi inayoishi kwa msuguano. Sijui jamaa alinimwagia nini, lakini baada ya kumwaga yote na kuweka oili ya 10W-40 yenye MA2, kisha kubadilisha tena baada ya kilomita 300, klachi imerudi. Meku alidai 35,000 za ufundi. Nilitaka kumwongezea, akakataa, akaniambia nikanunue mpira mpya wa ea klina.

Zile boksi za "Japani" nilizipata mbili, alizisahau kwenye mfuko wa zana. Zina kibandiko kinachometameta na kila kitu. Nikaingiza namba ya spea kwenye simu: ni gasketi ya pikipiki ya 150cc. Yangu ni mara 6 ya hiyo.

Sasa, kabla hujamruhusu mtu yeyote atie spana, jifunze kuitafuta liki mwenyewe. Hutumii hata 5,000. Injini ikiwa imepoa, osha kwa sabuni na brashi sehemu yote iliyolowa, kausha hadi kwenye mikunjo. Nyunyiza poda ya watoto juu yake. Endesha kilomita 10 au 15, halafu uangalie. Oili itachora njia yake kwenye poda. Kumbuka upepo unaisukuma nyuma na mvuto unaishusha chini, kwa hiyo tafuta pale palipo juu zaidi na mbele zaidi penye unyevu. Tone la sakafuni linakuambia oili imeishia wapi tu.

Kwa pikipiki mpyampya, mara nyingi ni vitu vidogo vilivyoguswa kwenye sevisi. Pete (washa) ya nati ya kumwagia oili, ile ya shaba au alumini inayobonyea, inatakiwa mpya kila mara, na wengi tunairudishia ileile. Mpira wa filta ya zamani unaweza kubaki umenata kwenye injini, filta mpya ikafungwa juu yake, na hiyo haivuji matone, inamwaga. Gasketi ya kifuniko cha valvu huko juu ikivuja, utadhani kila kitu cha chini yake kinavuja. Kwenye sproketi ya mbele kuna sili kweli, ya shafti na ya gia, lakini kuna pia grisi ya cheni inayorushwa, nyeusi na inayonata, watu wanalipia sili kwa ajili yake. Chini ya pampu ya maji kuna kitundu kilichowekwa makusudi: kikitoa maji ya rejeta au oili, sili ya pampu ndiyo inayokuita, na hapo fundi anahitajika kweli.

Na kama pikipiki bado ina waranti, isifunguliwe bolti hata moja mtaani. Rudi ulikonunua na picha zako.

Dalili za huyu jamaa, kwa kifupi: anapima liki kwa kompyuta, anatafuta sababu ya kukutoa pale (kitabu, maji ya kunawa, tambara), oili inatokea mahali ambapo hapakuwa na oili, na spea za zamani hazirudi. Ukimwomba afungue mbele yako ana msiba Mbulu. Mimi nilimpigia mara 9. Akarudisha 200,000 kwenye simu na ujumbe wa "nisamehe braza", kisha namba ikafa.

Nimefungua jalada polisi na nina RB, namba ya taarifa yangu. Boksi feki nitazipeleka Tume ya Ushindani, FCC, maana bidhaa bandia ndiyo kazi yao. Askari aliniuliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikamwonyesha karatasi ya daftari, akanitazama kwa huruma. Kila siku TRA, watu wa kodi, wanatuimbia ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na mimi nilidhani wanaongea na wenye maduka ya vitenge.

Jambo la mwisho na la haraka. Jumamosi nilipita Unga Limited nikaona pale kiwanjani pikipiki ya safari ya kijivu, namba za Kenya, masanduku 2 ya alumini pembeni, na kifuniko chake cha klachi kimeshapakwa mstari wa silikoni. Kama ni yako au unamjua mwenyewe, aende leo akaangalie alama za rangi kwenye bolti, na asimalizie malipo.