Filamu fupi ya wawindaji wa tonado: mapenzi matamu, mwisho wa hatari

Nimeitazama majuzi filamu hii fupi ya watengenezaji wasio na kampuni kubwa nyuma yao, na hasira bado haijanitoka.

Mwanamume na mwanamke wanawinda tonado, yaani wanaufuata kwa gari ule upepo mkali unaozunguka kama nguzo, ili wauone kwa karibu, kwenye nyanda za Kansas, Marekani. Wanapendana huku wakigombania ramani. Mwishoni tonado inawajia. Wanaegesha gari chini ya daraja la barabara kuu, wanapanda mteremko wa zege hadi juu kabisa penye mihimili, wanakumbatiana. Inapita. Wanabusiana.

Jamani, pale ndipo pa kufia! Upepo ukibanwa chini ya daraja huongeza kasi, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyokutana na upepo mkali zaidi. Mabati na mbao hupita humo kama risasi. Tarehe 3 Mei 1999, Oklahoma, watu 3 walikufa wakiwa wamejificha chini ya madaraja. Uongo kwamba chini ya daraja ni salama ulienezwa na video ya Kansas ya 1991, ya watu waliojificha hivyo hivyo. Wale walipona kwa kuwa tonado ilikuwa dhaifu na haikuwapitia moja kwa moja.

Mwindaji mzoefu anajua: ukiona tonado haisogei kulia wala kushoto, inanenepa tu, inakujia wewe. Kule nyingi huelekea kaskazini-mashariki, basi unakata kusini-mashariki. Ukikimbilia kaskazini utaingia kwenye mvua ya mawe usione kitu. Barabara ikikosekana, tafuta jengo imara, chumba cha ndani kisicho na dirisha, chini kabisa. Hakuna jengo? Lala mtaroni, mbali na gari, ukinge kichwa.

Kinachoniuma ni kwamba yaliyotangulia ni mazuri mno. Mwanamke anaokota jiwe la mvua kubwa kama limau, analipasua. Ndani mna pete kama za kitunguu. Anamwonyesha mwenzake: hapa peupe maji yaliganda haraka yakafungia hewa, hapa pang'avu yaliganda polepole. Mwenzake hatazami jiwe, anatazama vidole vyake vinavyotetemeka kwa baridi, kisha anamfungulia kasha la barafu ili alihifadhi jiwe lake. Muziki hakuna, ni mvua tu juu ya bati la gari. Mapenzi yamesemwa pale, na hakuna aliyetamka neno.

Nilikusudia kuipa nyota 1. Naipa 3. Hapana, 2, kwa ajili ya daraja lile. Tazameni hadi kasha linapofungwa, kisha zimeni. Wangelazwa tu mtaroni, kwenye matope, kila mmoja amemkinga mwenzake kichwa, na busu lingekuwa lile lile.