Mashine nzuri ya kusagia kahawa, spea zimefungiwa kwa wakala mmoja: uzoefu wangu nikiwa Mbeya

Nakaanga na kusaga kahawa ya Mbozi hapa Mwanjelwa. Wateja wangu ni migahawa, nyumba za wageni, na watu wanaotaka robo kilo ya kwenda nayo Dar. Mashine ninayoizungumzia ni ya umeme, imetengenezwa Ulaya, na niliinunua mpya kwa msambazaji pekee wa kampuni hiyo Afrika Mashariki. Jina naliacha, maana mtindo huu wa kumwachia muuzaji mmoja eneo zima, spea zikiwemo, unatumiwa na kampuni nyingi.

Mashine yenyewe naisifu. Inasaga sawasawa, haiunguzi kahawa, na mota yake, ikiwa nyuma ya stabilaiza, imehimili umeme wetu wa kupanda na kushuka. Arabika ya Mbozi iliyooshwa na kukaushwa vizuri kwenye vichanja inastahili kusagwa hivyo. Unga ukichanganyika na chenga, kikombe kinakuwa kichungu na wakati huohuo chepesi.

Kisha meno yakaisha, kama yanavyoisha ya mashine yoyote. Ni sahani mbili za chuma kigumu zinazotazamana, moja imetulia na nyingine inazunguka, na makali yake yanaliwa kadiri kilo zinavyopita. Dalili niliiona vidoleni kabla ya kuionja: nikifikicha kahawa iliyosagwa, vumbi laini linaganda kwenye ngozi na vipande vikubwa vinabaki juu yake. Kusaga kukawa kunachelewa, na kahawa ikawa inatoka ya moto.

Kwenye tovuti ya kampuni meno hayo yapo, na picha, na namba ya spea, na bei. Nilipoandika Tanzania kwenye anwani, kitufe cha kununua kikatoweka, pakabaki maelezo ya kunielekeza kwa msambazaji wa eneo langu. Nikawaandikia kwamba usafiri, ushuru na VAT yetu ya 18% nitalipa mwenyewe. Wakajibu kwa adabu kwamba mkataba wao na msambazaji hauwaruhusu kuniuzia moja kwa moja. Nikamgeukia msambazaji. Hana meno stoo, anaagiza oda zikikusanyika, hajui lini, anataka hela yote mbele, na bei yake inakaribia mara tatu ya ile ya tovuti. Nikarudi kiwandani na majibu hayo, nao wakanirudisha kwa msambazaji. Nikapigwa danadana hivyo wakati maonyesho ya wakulima ya Nanenane yanakaribia, msimu ambao viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya vinajaa watu na mimi nauza kuliko wakati wowote wa mwaka.

Naelewa kwa nini kampuni humpa mtu mmoja haki ya kuuza. Anayefungua soko jipya anaingia gharama: matangazo, kufundisha mafundi, mzigo unaolala stoo na mtaji umelala nao. Akishaijengea bidhaa jina, hataki mwingine adandie mgongo wake kwa kuingiza kontena moja na kuuza kwa bei ya kutupa. Kwangu hiyo ni hoja ya haki kabisa. Lakini haki hiyo inalipiwa kwa huduma. Msambazaji asiye na spea stoo, wala fundi hata mmoja kuanzia Makambako kuja huku, hana gharama anayoilinda kwangu. Amebakiwa na uwezo wa kunizuia tu, na kampuni imemwachia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huko mashine inakotoka jambo hili wameliona zamani. Umoja wa Ulaya una kanuni ya 2018/302, iliyoanza kutumika tarehe 3 Desemba 2018, inayokataza maduka ya mtandaoni kumbagua mteja kwa sababu tu ya nchi anayoishi ndani ya Umoja. Sheria zao za ushindani nazo, kwa kawaida, zinakubali muuzaji akatazwe kwenda kutafuta wateja kwenye eneo alilopewa mwenzake, ila mteja akija mwenyewe kuomba kuuziwa, ahudumiwe. Mimi nilikwenda mwenyewe, na hela mkononi. Ulinzi huo unaishia kwenye mipaka yao, na sisi wa huku tumebaki nje.

Nilijaribu pia fundi wa kuchonga hapa mjini. Akayageuza meno kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye makali. “Mama, shafti nakuchongea leo, bushi nakuchongea leo. Haya yana pembe zake, na chuma chake kimepikwa. Nikikudanganya utawauzia watu vumbi la chuma.” Namheshimu kwa ukweli huo. Ikabidi nisagiwe kwa mwenzangu Uyole kwa malipo ya kila kilo, na faida ya Nanenane sehemu kubwa ikaishia huko.

Meno yalipatikana kupitia mdogo wangu anayesoma Ujerumani. Aliagiza kwenye tovuti ileile, kwa bei ileile, yakamfikia bila swali lolote. Akampa mtu anayekuja Dar, na toka Dar yakaja kwa basi. Msambazaji alipojua, akaniambia mashine ikipata hitilafu kutokana na spea iliyonunuliwa nje ya eneo lake, waranti haihusiki. Ni spea halisi ya kampuni yao wenyewe, kwenye boksi lao!

Mashine naipa nyota nne kati ya tano, huduma baada ya mauzo nyota moja. Kampuni naiomba jambo moja: mikataba hii ikihuishwa, waandike kwamba msambazaji akishindwa kutoa spea kwa muda uliopangwa, mteja aruhusiwe kununua kiwandani bila kupoteza waranti. Mashine mpya waendelee kumwachia auze peke yake, sina ugomvi na hilo.

Na wewe unayetaka kununua, uwe Mbeya, Vwawa, Tukuyu au Iringa, uliza meno yako wapi kabla hujatoa hela. Ukijibiwa “tutaagiza”, nunua seti ya ziada siku hiyohiyo pamoja na mashine, na ankara ionyeshe namba ya spea na namba ya mashine yako.