Rangi ya kupiga pasi: imeniaibisha kwenye sendofu ya watu

Kama unatengeneza batiki na kuna mtu anakushawishi uache rangi ya unga na dawa zake za kuichanganyia, kostiki na haidro, uhamie hizi rangi za chupa wanazoziita pigmenti, mwambie asubiri kwanza. Mimi zimenitia aibu ambayo hadi leo nikipita Sinza nainamisha kichwa.

Nilizinunua Kariakoo, miezi kadhaa nyuma, kabla ya mvua. Kijana wa dukani aliniimbia: "Mama, hii huchemshi, huvai glovu, haikubabui mikono. Unapaka, unaanika, unapiga pasi, basi." Na mikono yangu kwa miaka yote hii ya kostiki, nikaona Mungu amenikumbuka. Nikachukua damu ya mzee na kijani, pamoja na gundi yake, bainda.

Nilikuwa na oda ya sare, madera 18 ya akina mama wa sendofu. Yote damu ya mzee, maua nimegonga kwa sponji. Kitambaa kilipokauka kikawa kigumu kama turubai. Nikajipa moyo kwamba kikifuliwa kitalainika.

Siku yenyewe viti vimevalishwa vitambaa vyeupe pe. Joto la Dar mnalijua. Shangazi wa bibi harusi, mama wa miaka 60 na ushee, akanyanyuka kwenda kutunza. Kwenye kiti chake doa jekundu, duara zima. Akina mama wawili wakamrukia na khanga, wanamfunga kiunoni huku wanamnong'oneza, na yeye anauliza kwa sauti: "Kuna nini? Mimi mambo hayo nilishayaaga zamani!" Mpaka mtu alipotupia jicho viti vingine. Hapo wakageuka kunitafuta mimi.

Kesho yake nikawa dukani. Yule kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Pasi ulipiga dakika ngapi? Si imeandikwa kwenye chupa?" Imeandikwa Kichina! Mimi Kichina nimekisomea wapi? "Wenzako wanachukua kila siku, mbona hawalalamiki."

Haya, niseme kweli. Umeme ulikatika nikiwa kwenye dera la saba. Yaliyobaki niliyapitisha pasi ya mkaa harakaharaka, kama mtu anayenyoosha shati la shule asubuhi. Baadaye ndiyo nimeelewa: rangi ya unga inazama ndani ya uzi wa pamba, hii haizami. Inakaa juu tu, imeshikwa na ile gundi, na gundi haishiki bila moto wa kutosha, dakika kadhaa kila sehemu. Madera yaliporudishwa nikayasugua kwa leso nyeupe iliyolowa. Yale ya pasi ya umeme yalitoa wekundu wa mbali sana, wa kutafuta. Kwa hiyo labda kosa ni langu. Lakini angeniambia! Maneno mawili tu! Na kwa batiki ya nta ndiyo usijaribu kabisa: ukipiga pasi nta inayeyuka na kuingia kitambaani, ukichemsha kutoa nta kabla ya pasi, rangi nayo inaondoka. Hilo nalo alilimeza.

Nimerudi kwenye beseni langu la nili. Kitambaa kinatoka kijani cha manjano, hewa inakipiga, bluu inaiva mbele ya macho yako. Haidro inanibana kifua, ila haijawahi kubaki kwenye kiti cha mtu.

Kwa kuchapa fulana, hata hivyo, siwezi kusema uongo. Fulana za watoto wa chekechea nilizozichapa kwa kijani kilekile zimefuliwa hadi shingo zimelegea, na maua bado yapo. Wiki hii nimeenda kuongeza chupa, duka lilelile, maana kwingine wanakukamua. Kijana akaniangalia usoni, hanikumbuki hata kidogo.

"Mama, damu ya mzee imeingia mpya. Nikufungie?"